Maksi Kumi na Tano za Bure

Sitazunguka mbuyu: nilitia sahihi. Watu hapa Nakuru wakiniuliza inakuwaje mtu ana digrii ya kilimo na hawezi kukwambia udongo wa shamba lake umekosa nini, mimi hukohoa nikabadilisha mada. Nitasema nini, na mimi nilikuwa na mkono katika hilo?

Nilikuwa nafundisha somo la udongo katika chuo kikuu kimoja cha kujisikia, kile ambacho mtoto akiitwa huko wazazi wanachinja mbuzi. Mkataba wangu ulikuwa wa muhula kwa muhula. Mwaka huo nilitunga mtihani mgumu kidogo, na darasa likaanguka vibaya. Wengi walinirudishia nukuu zangu mwenyewe neno kwa neno, hata na makosa yangu ya kuchapa. Lakini msichana mmoja wa Elburgon aliandika juu ya shamba la mama yake, ambalo viazi vilikuwa vimelikataa. Akaeleza asidi, akaeleza chokaa, halafu kwa adabu akaonyesha mahali ambapo mimi mwenyewe nilifundisha vibaya. Nilifurahi, wallahi. Nikampa sabini na tisa. Aliyemfuata, kijana mmoja wa mjini, alikuwa na sitini na tano. Kwetu A inaanzia sabini, kwa hivyo A ilikuwa moja tu, na ilikuwa yake.

Tukaitwa kikao cha kupitisha matokeo, na chai na mandazi kama kawaida. Mwenyekiti wa idara, mama mpole ambaye huwezi kumchukia hata ukijaribu, alisema A moja darasa zima ni aibu, wazazi watadhani hatufundishi. Akaamua kila mtu aongezwe kumi na tano, ila yeyote asipite themanini, maana ukivuka hapo mtahini wa nje anaanza maswali. Hiyo ndiyo desturi yetu, na tunaiita kusawazisha. Yule kijana akapanda mpaka themanini. Msichana wangu akapata maksi moja. Moja! Nikainua mkono nikasema huyu tunamwibia.

Mwenyekiti akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, ulimpa A, na bado ana A. Amepoteza nini?"

Mwenzangu wa kando akaninong'oneza kwamba ukila na kipofu usimguse mkono. Nikafikiria mkataba wangu, nikaomba kalamu. Ulikuwa woga tu, wala sina jina lingine la kuupa.

Alichopoteza tulikijua mwezi uliofuata. Kulikuwa na nafasi moja ya ufadhili wa shahada ya uzamili, ya mwanafunzi aliyeongoza somo langu, na sasa walioongoza walikuwa wawili, sawa bin sawa. Wakafanyiwa mahojiano. Kijana alisomea shule za bei, akamwaga Kiingereza mpaka wazee wakatabasamu. Msichana alifikiria kila swali kabla ya kujibu, na hilo likahesabiwa kuwa hajiamini. Kijana ndiye aliyechukuliwa.

Msichana akaja ofisini kwangu, amevaa sweta zito la baridi ya kwao. Hakulia. Alikuwa amesoma sheria za chuo na kuona anaweza kukata rufaa, mradi mwalimu aandike barua kueleza alama za mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nazo, kwenye droo, kwa mwandiko wangu.

"Mwalimu, kabla ya kusawazisha," akauliza, "mimi na yeye tulikuwa sawa?"

Wiki hiyo ndiyo mikataba ilikuwa inatiwa sahihi.

"Mlikuwa sawa," nikamwambia.

Kisha akasema labda lilikuwa jambo la majivuno tu, kwamba alijiona amemzidi, na hata mama yake alikuwa amemwonya. Akasimama, akainamisha kichwa vile watoto waliolelewa vizuri hufanya, akanishukuru kwa kumwambia ukweli.