Oili ya Gari la Marehemu

Mimi na mkamwana wangu hatupendani, na hatujawahi kufichana. Siku mwanangu mkubwa alipomleta nyumbani nilimtazama juu mpaka chini nikamwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa kuchoma kwake. Akanijibu papo hapo, mbele ya wageni: "Sawa, Mama. Lakini msumari haung'olewi kwa mdomo." Tangu hapo tukisalimiana, hata paka anatoka nje.

Mwanangu akafa, Mungu amrehemu, akaacha gari. Gari kuukuu la mizigo, rangi ya ugoro, likikohoa asubuhi vumbi la mtaa mzima linahama. Msumari alilitumia kusambaza mikate madukani, na kwa mikate hiyo ndiyo wajukuu zangu wanakula na kuvaa. Lakini mdogo wa marehemu, kitindamimba wangu, naye alilitaka. Huyo ni fundi magari, karakana yake iko ubavuni mwa nyumba, na watu wanamwita Fundi Kesho kwa kuwa hajui siku nyingine. Msidhani nazidisha chumvi: kuna gari liliingia kwake, kuku akaatamia kwenye kiti cha dereva, vifaranga wakakua, nao wakaatamia humo humo, na gari bado linasubiri plagi.

Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakasema gari libaki kwa atakayeweza kulitunza, na mwamuzi ni mimi. Ufunguo wakanikabidhi. Nikaufunga kwenye pindo la nguo yangu, na kila alfajiri Msumari akawa anakuja kuuomba, na kila jioni kuurudisha. Nami sikuwahi kuutoa kabla sijamaliza kupiga miayo yote niliyokuwa nayo.

Basi Jumamosi moja akaingia uani na kitu kama bomba la kupulizia dawa shambani. Chupa kubwa ya plastiki inayoonyesha ndani, mpini juu yake, na kipira chembamba kama utumbo wa kuku. Akaegesha gari kando ya kamba yangu ya nguo, nilipokuwa nimeanika shuka langu jeupe. Makusudi, nani asiyejua?

"Hicho nini?" nikamuuliza. "Gari limeingia kunguni?"

"Pampu ya kuvuta oili, Mama. Nabadilisha oili ya injini mwenyewe."

Fundi Kesho akasikia, akaja mbio. Shati limepigwa pasi, kucha safi kama za bibi harusi. Uliona wapi fundi magari mwenye kucha za namna hiyo?

"Shemeji, oili humwagwa chini," akasema. "Unalala chini ya gari, unafungua nati, inashuka yenyewe. Wewe unataka ipande juu? Umeiahidi nini huko?"

"Na maji ya kisima hupandaje? Kwa kubembelezwa?"

"Halafu nimebadilisha juma lililopita tu! Ulinipa kopo mwenyewe. Imo humo, mbichi, kama asali. Mama, ona, anamwaga oili mpya. Injini ikifa mikononi mwake, ufunguo wangu. Au vipi?"

"Ndivyo," nikasema. Nikavuta kigoda nikae nimwone Msumari akiaibika vizuri.

Akawasha injini kidogo ipate joto, oili ilainike. Akazima, akasubiri itulie chini. Akachomoa kile kijiti cha kupimia, akaingiza kipira kwenye tundu lake, taratibu, mpaka kikagonga chini. Akaanza kupampu. Pu, pu, pu. Hakuna kitu.

Fundi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Labda itatoka kesho," nikasema. Akaacha kucheka.

Msumari akainamia injini. Akarudisha kipira juu kidogo, maana kilikuwa kimejikunja huko ndani, akakishusha upya, akapampu kwa hasira zake zote. Mimi nadhani alikuwa ananipampu mimi. Mara kitu kikaanza kupanda kwenye kipira, polepole, kama mzee aliyeitwa kwenye kesi.

Nyeusi! Lami ya barabarani ingeiamkia. Tone moja likadondoka kwenye bati la gari, inzi akatua juu yake, na mpaka leo hajaondoka. Harufu kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Na chupa ile inaonyesha ndani, kwa hiyo hakukuwa na la kubisha. Halafu, haijafika hata nusu ya chupa, pampu ikaanza kunyonya upepo.

"Hii ndiyo asali yako, shemeji?"

"Oili ikifanya kazi lazima iwe nyeusi..."

"Kwa juma moja? Na nyingine imekwenda wapi? Kopo langu ulimnywesha nani?"

Mwanangu macho yakamponyoka, yakaenda moja kwa moja kwenye gari lake mwenyewe, pale karakanani.

"Ulikuwa unaingoja injini ife," Msumari akasema. "Ife, ulikokote uliingize kwako, useme mjane kaliua."

"Mama! Utamsikiliza mtu baki mbele ya mwanao?"

Msumari akaimimina ile oili chafu kwenye beseni, akabadilisha filta, akatia oili mpya, akapima kwa kijiti, akawasha. Gari likanguruma kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshiba. Akazima, akaniletea ufunguo kwa vidole viwili, kama anayebeba panya.

"Haya, Mama. Amua."

"Mimi ndiye fundi," Fundi Kesho akadakia, naye kanyoosha mkono.

Nikawatazama wote wawili, hakuna niliyemtamani. Nikautumbukiza ufunguo kwenye beseni. Ukazama bila hata kutoa sauti.

"Anayelitaka gari achukue."

Fundi akaitazama oili, akaitazama mikono ya shati. "Mama, ngoja nikabadili nguo, nakuja sasa hivi..."

Msumari alikwishazamisha mkono mpaka kiwiko. Akautoa na ufunguo, unatiririka. Akaangaza huku na huku akitafuta kitambaa, kisha akalifuata shuka langu jeupe, akajifuta. Kidole kimoja kimoja. Huku ananitazama.

"Samahani, Mama. Limepeperushwa na upepo."

Hapakuwa na upepo.

Ufunguo haukurudi tena pindoni mwangu. Alfajiri haniombi kitu. Anapita tu akipiga honi chini ya dirisha langu, na namtukana nikiwa nimelala. Shuka nimelifua kwa sabuni zote, doa la mkono limegoma. Sasa kila nikilianika naligeuzia karakana, kile kiganja cheusi kimtazame Fundi Kesho na wateja wake. Jana kaja ananisihi nilitoe.

Nikamwambia, "Kesho."