Siku Niliyojiandikia Kazi ya Marehemu Deo

Nichekeni sasa hivi mmalize kabisa, maana nikianza kusimulia sitaki mtu anikatize. Mimi Audax, fundi kompyuta wa Bukoba mjini, mtu wa kujisifu kwamba hakuna kitu cha mashine kinachonishinda, nilisimama mbele ya walimu wa Muleba nikiwa nimejipa jasho la watu wengine, mke nisiyemjua na baba asiye wangu, na yote hayo kwa kuwa niliogopa kupiga simu moja.

Ilikuwa hivi. Mwalimu Ishengoma wa Ijumbi, mstaafu wa hesabu, alitengeneza zamani programu ya kupangia ratiba za shule, yeye na mwanawe Deo. Ni programu huria, yaani mtu yeyote anaichukua bure, na akijua kuandika programu anaruhusiwa kuirekebisha. Imezeeka, sura yake ni ya kizamani mno (vitufe vya kijivu vitupu), lakini kuna shule huku haziwezi kuanza muhula bila hiyo, maana inaelewa shida zetu, kwamba mwalimu wa fizikia ni mmoja kwa shule mbili na Jumatano yuko Izigo. Deo alifariki kwa ugonjwa wa figo, na tangu hapo mzee amekuwa akiigusagusa peke yake.

Sasa ile tovuti iliyokuwa inahifadhi kazi yao ikatangaza kwamba inafungwa, kila mwenye mali yake aje aichukue. Mzee akanipigia, akaniita waitu, yaani mwenzetu, kama Wahaya tunavyoitana kwa upendo. "Audax waitu, nihamishie. Vyote. Usiache kitu." Nikamwambia hilo jambo dogo, Mwalimu, wewe lala usingizi. Na kwa kuwa ni jambo dogo nikaliweka kiporo (mnanijua), leo nina printa ya mtu, kesho nina msiba Kashozi, keshokutwa ni msimu wa senene, wale panzi wetu wa kukaanga, na nani anafanya kazi wakati wa senene, mpaka ikafika siku yenyewe ya mwisho, mchana, umeme unakatika na kurudi, ndipo nakurupuka.

Kuhamisha kwenyewe si kugumu. Kazi ya namna hiyo ina historia yake, kila badiliko lina jina la aliyelifanya na ujumbe mfupi wa kueleza alichofanya. Mashine ikaanza vizuri, kisha ikagoma, ikaniuliza huyu "Taata" ni nani na huyu "Mwoijo" ni nani, nipe majina yao kamili ndipo niendelee. Jamani! Baba na kijana wa kiume, Kihaya ambacho hata mtoto wa chekechea wa hapa anakijua, na mimi nikajiambia hizo ni akaunti za majaribio tu. (Tuseme ukweli, nilishuku.) Lakini nikimpigia mzee kumuuliza, atajua kwamba nilikuwa hata sijaanza, na yule mzee akikukaripia anakukaripia kimwalimu, unajikuta umesimama wima na simu sikioni. Nikaandika jina langu kwa Taata, nikaandika jina langu kwa Mwoijo, nikabonyeza, ikapita. Jioni tovuti ya zamani ikazimwa, na majina ya awali yakaenda nayo.

Ningenyamaza hapo pengine ningepata nafasi ya kurekebisha kimyakimya. Ila mimi na sifa! Nikasikia walimu wa taaluma wanakutana Muleba kwenye ukumbi wa kanisa, nikaomba nafasi ya kuwaonyesha makao mapya ya programu yao, nikanunua shati, nikamwalika na Mwalimu Ishengoma mwenyewe, akaja na koti lake la Jumapili akakaa mstari wa mbele.

Nikawasha projekta, nikafungua ukurasa ukutani, makofi. Nikalewa makofi. Nikasema, "Na hapa ndugu walimu, historia yote ipo, hakuna kilichopotea," nikabonyeza, na ukuta mzima ukajaa jina langu, Audax, Audax, Audax, kutoka juu hadi chini.

Mwalimu Koku wa Izigo, ambaye hajawahi kuona kitu akakaa kimya, akaanza kusoma kwa sauti. "Audax: Leo nimefunga ndoa Kashozi, marekebisho mengine Jumatatu. Hee! Umeoa lini wewe? Na ubwabwa wetu uko wapi?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Nami nikacheka, nikatafuta pa kubonyeza, badala ya kufunga nikashuka chini zaidi, na Koku naye akashuka nami. "Audax: Taata, acha kuwaomba walimu radhi, kosa la kipindi cha nne ni langu, nimelirekebisha."

Mzee akasimama. Hakusema kwa nguvu.

"Hiyo ni ya Deo."

Kicheko kikakatika. Akasogea mpaka karibu kabisa na ukuta, maandishi yakawa yanampita usoni, akawa anatafuta kwa kidole. "Jina lake liko wapi? Audax, mwanangu umemweka wapi?" Niliona aibu ambayo hata sasa nikiwasimulia naisikia masikioni inaunguza. Koku ndiye aliyechomoa waya wa projekta.

Wiki iliyofuata nikaenda Ijumbi kuomba radhi. Nilikuwa nimeshaongeza ukurasa wa shukrani wenye jina la Deo kwa herufi kubwa, nikamwonyesha. Akautazama akasema, "Hapa umemwandika kama mchangiaji wa harusi. Mimi nataka kazi yake." Basi tukakaa mezani, mkewe akatuwekea kahawa ya kutafuna, tukaanza badiliko moja moja, yeye ananiambia la nani, mimi nabadilisha jina. Ya baada ya msiba yalikuwa rahisi, yote ni ya mzee. Ambayo ujumbe wake unaanza kwa kumwita mzee "Taata" yote ni ya Deo. Shida ikawa yale mafupi: "Nimejaribu, inafanya kazi." Anayasoma, anavua miwani, anaifuta, anayasoma tena.

"Hili la nani, Mwalimu?"

"Sijui, waitu. Tulikuwa tunaandika sawasawa." Akachukua punje moja ya kahawa. "Mpe yeye."

Likaja lingine. Mpe yeye. Lingine. Mpe yeye. Nikafika kwenye moja ambalo tarehe yake ilikuwa ya zile wiki Deo alipolazwa Mwanza, ambapo kijana hata kijiko alikuwa hakishiki vizuri. Nikaiona tarehe. Mzee naye aliiona, kwa sababu aliiwekea kidole.

"Na hili?" nikauliza.

"Nimesema mpe yeye."

Nikaandika Deo. Siku hizi mtu akiniletea kitu cha kuhamisha, hata kama ni picha za simu tu, nampigia siku hiyohiyo nimuulize kila jina ni la nani, na akitaka kunikaripia anikaripie tu, nitasimama wima.