Mlango wa Wirrabeen na Mtu wa Kumi na Tisa

Mdogo wangu Lindsay Trezise alicheza mechi mia mbili na kumi na nne za ligi kuu, na katika hizo zote alifunga goli moja. Goli lenyewe halina makuu. Aliupiga mpira mbele ili umwondokee tu, na mpira wetu wa Australia una umbo la yai, ukidunda hauna adabu. Ukaruka vichwa vya watu watatu ukapita katikati ya milingoti. Wenzake walimkimbilia wakamrukia wakicheka. Yeye alikuwa ameshageuka kurudi kwake nyuma, kuangalia nani ameachwa peke yake.

Alikuwa beki wa mwisho. Kazi yake ilikuwa mtu mmoja, yule mfungaji mkubwa kuliko wote wa timu ya pili. Jitu hilo likienda kushoto, Lindsay yuko ubavuni mwake. Likienda kunywa maji, Lindsay naye ana kiu. Mpira ukija juu na jitu likanyoosha mikono kuudaka, Lindsay anarusha ngumi, mpira unakwenda zake. Watu walimwita Mlango. Siku akifanya kazi yake vizuri hakuna aliyemtaja, na siku akikosea jina lake lilisikika redioni mpaka Jumatano.

Mwaka wa tisini na nne jamaa mmoja kutoka Adelaide alimfunga magoli kumi na moja mchana mmoja. Lindsay alipokuja nyumbani, kijijini kwetu Wirrabeen, kumsalimia mama, alipita kwa muuza nyama.

"Mlango, karibu! Soseji ngapi leo? Kumi na moja?"

"Nipe kumi na mbili," Lindsay akasema. "Moja yako, uzibe mdomo."

Lakini nilimwona masikio yamekuwa mekundu. Lindsay alikuwa na ngozi ngumu kila mahali isipokuwa hapo.

Kuhesabu alifundishwa na baba. Shamba letu lilikuwa la kondoo, na kondoo wakitolewa zizini hupita getini mbio, nawe unasimama pembeni unawahesabu watatu watatu. Ukifika mia unakunja kidole. Baba alitujaribu sote wawili, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu, Lindsay minane. Mimi nilifika mia nne nikapotea. Lindsay alifika elfu moja mia mbili na sita, na walikuwa elfu moja mia mbili na sita. Baba akaniambia, "Glenys, wewe utakuwa unafungua geti." Baba amekufa, namwombea mema, lakini hilo sijamsamehe.

Huko mjini Melbourne kocha wake wa kwanza aliwaambia mabeki kwamba kabla refa hajaudundisha mpira katikati ya uwanja, wahesabu kwanza nani amekuja upande wao. Wengine walihesabu wakikumbuka. Lindsay alihesabu kila mara, kwa miaka kumi na tano, akikunja vidole vile vile kama getini. Kocha alimpenda kwa hilo kuliko kwa ngumi zake.

Miaka kumi na tano hiyo ilimla mwili. Bega moja lilishonwa mara mbili, vidole vitatu vikapinda visirudi, na goti la kulia likawa linalia akipanda ngazi. Fedha alipata, sisemi hakupata. Alichokosa ni medali. Timu ikishinda fainali ya mwisho, kila mchezaji aliyekuwa uwanjani huvishwa medali ya ubingwa, na kwetu mtu asiyekuwa nayo, hata angekuwa hodari vipi, akisifiwa baa lazima mmoja aseme "lakini." Lindsay alifika fainali mbili akashindwa zote. Ya mwaka wa tisini na mbili walipigwa vibaya. Ya tisini na nane walikosa kwa pointi mbili, yaani hata nusu ya goli haifiki, maana goli kwetu ni pointi sita, na mpira ukipita kando ya milingoti mikubwa ni pointi moja tu. Kesho yake alikuja kwangu, akaingia bandani na mume wangu Keith, wakakaa siku mbili wakitengeneza pampu ya mashine ya kukamulia maziwa. Sikuwasikia wakisema lolote ila "nipe spana."

Mwishoni mwa mwaka elfu mbili na mbili klabu ilimwita, ikampa chai, ikamwambia asante. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Akarudi Wirrabeen kwenye shamba la baba, na timu ya kijiji ikampa unahodha kabla hajashusha mizigo.

"Mwaka mmoja tu, dada," aliniambia. "Niipate medali, hata ikiwa ya bati."

Nami nilimtakia aipate, Mungu shahidi. Tatizo ni kwamba mimi si mtu wa Wirrabeen tena. Niliolewa Mallan Creek, ng'ambo ya mto, kilomita tisa kwa gari, na kwa miaka ishirini na miwili nimeuza pai za nyama na chai katika kibanda cha uwanja wa Mallan Creek. Timu yetu haikuwa imeshinda ubingwa tangu mwaka wa hamsini na saba. Shule ilifungwa, benki ikafungwa, vijana wakaenda zao, na majira ya baridi ya mwaka uliofuata, Lindsay akiwa nahodha ng'ambo, tulikaa kikao tukapiga kura kwamba msimu ukiisha klabu inakufa. Tulibaki wachache mno. Keith wangu peke yake alikuwa msimamizi wa benchi, mbeba maji na mfunga bandeji.

Ndipo timu hiyo ya watu wanaokwenda kuzikwa ikaanza kushinda. Ikashinda na kushinda, mpaka fainali. Na fainali ikatukutanisha na Wirrabeen.

Lindsay alikuwa na desturi ya kula kwetu kila Jumapili. Jumapili ya kabla ya fainali Keith alimwambia, "Shemeji, Jumamosi njoo na mto wa kulalia. Tutakulaza mapema."

"Nitauleta," Lindsay akajibu. "Utauhitaji wewe, wa kulilia."

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wao, kisha nikainuka nikaosha sahani ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi ilikuwa ya matope. Magari yalizunguka uwanja wote, pua zikitazama ndani, maana kwetu timu ikifunga watu hawapigi makofi tu, wanapiga honi. Mpaka robo ya mwisho honi zilikuwa zetu. Zikiwa zimebaki kama dakika kumi na mbili, Mallan Creek tulikuwa na pointi sitini na moja, Wirrabeen thelathini na tisa. Bibi mmoja mwenye miaka themanini na tatu, aliyeiona fainali ya hamsini na saba kwa macho yake, alisimama mbele ya kibanda changu akilia, na pai yake imepoa mkononi.

Hapo Barry Quilliam, mkamuaji wa ng'ombe, mtu wa miaka thelathini na tisa, akagongwa pua ikatoka damu. Sheria inasema mwenye damu atoke, basi akatoka, mwingine akaingia mahali pake. Keith akamjaza pamba puani. Alipokuwa bado anamfuta uso tukafunga tena goli, honi zikalia nchi nzima, Barry akaruka kwa furaha akakimbilia uwanjani. Keith alipaswa kumshika mkono, amtoe mtu mmoja kwanza. Keith alikuwa ameinua taulo juu anapiga kelele kama wengine wote. Sasa tulikuwa sitini na saba, na mechi tumeshaishika.

Timu ni watu kumi na wanane uwanjani.

Nilimwona Lindsay kule mbali, mbele ya milingoti yake, akikunja vidole. Akakunja tena. Akaitazama benchi yetu, akahesabu mara ya tatu. Kisha akatembea, hakukimbia, mpaka kwa refa, na kwa kuwa kibanda changu kiko pembeni, usawa wa katikati ya uwanja, nilisikia kila neno.

"Refa, mimi ni nahodha. Naomba watu wao wahesabiwe."

Refa alikuwa kijana, mwalimu wa shule ya mji wa jirani. Akamwangalia kama ameombwa kuchinja mbuzi. "Una hakika, Mlango? Wakiwa kumi na wanane naiadhibu timu yako. Nawapa mpira mbele ya goli lenu."

"Wahesabu."

Watu hawakuelewa kwanza. Refa akapuliza filimbi, akawapanga wachezaji wetu katikati, mstari, akapita akiwagusa kifua mmoja mmoja. Wazee walielewa kabla hajafika nusu. Katika ligi zetu za vijijini sheria ni ile ile ya zamani: timu ikikutwa na mtu wa ziada, pointi zote ilizopata mpaka dakika hiyo zinafutwa.

"Kumi na tisa," refa akasema. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, masikini, akitafuta kukosea. Kumi na tisa. Barry alikuwa wa mwisho, pamba imemning'inia puani. Akajitazama kama mtu aliyejikuta harusini bila suruali.

Yule aliyekuwa kwenye ubao wa matokeo akang'oa sita, akang'oa saba, akatundika sifuri.

Mchezo uliendelea, sheria inataka uendelee. Vijana wetu walicheza dakika zile wakilia waziwazi, wakapata goli moja na pointi moja. Wirrabeen walishinda hamsini na mbili kwa saba. Lindsay alivishwa medali. Wenzake wakafanya duara wakaimba wimbo wao wa ushindi, polepole, macho chini. Mtu mmoja wa kwetu alimtemea mate karibu na kiatu, na Lindsay akasubiri amalize, kisha akaenda kukusanya koni za mazoezi. Keith alikaa benchi mpaka magari yote yakaondoka. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko kulaumiwa.

Nilidhani Jumapili Lindsay hatakuja. Nilichoma nyama ya kondoo kwa sababu ilikuwa imeshanunuliwa. Saa sita u nusu nikasikia gari lake.

Aliingia, akavua viatu mlangoni kama siku zote, akakaa kiti chake. Hakuwa na medali shingoni, na kama ilikuwa mfukoni hakuitoa. Keith alikuwa anakata nyama.

"Ulihesabu mara ngapi?" Keith akamwuliza, bila kuinua macho.

"Tatu."

"Mimi hata moja." Akamwekea vipande viwili. "Hiyo ndiyo kazi niliyopewa, kuhesabu mpaka kumi na nane. Mtoto wa chekechea angeweza."

"Shemeji..."

"Usinipe pole. Nitakupiga na hii sahani."

Wakaanza kula. Wanaume hao wawili walikuwa tayari kuumaliza mwaka mzima hivyo, kwa nyama na kimya. Mimi sikuweza. Miaka ishirini na miwili nimesimama kwenye kile kibanda, na kitabu cha ligi kitasema mpaka mwisho wa dunia kwamba Mallan Creek katika mechi yake ya mwisho ilipata pointi saba. Niliweka uma chini.

"Lindsay, ulituona tuko kumi na tisa."

"Niliwaona, dada."

"Keith alikuwa pale pale, hatua thelathini. Ungemwita. Ungesema, 'Shemeji, umezidisha mtu,' angemtoa Barry, mchezo ungeendelea, na hakuna mtu duniani angejua."

"Ningeweza."

Nilingoja aseme sheria ni sheria. Nilikuwa nimeshaandaa jibu la hilo, tena kali. Nilingoja aseme timu yake ilimtegemea, au kocha, au baba na geti lake. Alitazama vile vidole vyake vilivyopinda, juu ya kitambaa cha meza.

"Mbona hukumwita?"

"Niliitaka ile medali, dada," akasema. "Basi. Nilifikiri kumwita. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikaenda kwa refa."

Ningemchukia kwa raha kama angejitetea. Nilimwona akiwa na miaka kumi na minane anapanda basi la kwenda mjini na shati alilopigiwa pasi na mama, na nilimwona jana yake akitembea kwenda kwa refa, na alikuwa mtu yule yule, nami nilikuwa nampenda na nimemkasirikia kiasi kwamba sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Keith alimeza kilichokuwa mdomoni.

"Glenys," akasema, "mpe mtu viazi. Vinapoa."

Nikanyanyua bakuli nikamnyooshea. Lindsay akalishika upande wake, akalishikilia pale pale juu ya meza, katikati yetu, bila kulivuta, mpaka mimi mwenyewe nilipoliachia.