Mgeni Aliyeomba Maji ya Tangi la Samaki

Unaweza kuacha kuniamini ukifika mwisho, lakini hapa mwanzo niamini: sikuota, sikuwa na homa, wala haikuwa usiku. Ilikuwa jioni ya jua kali, nyumbani kwangu Bweri, hapa Musoma, na mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Kama ningekuwa mtu wa kutunga, ningetunga jambo lenye staha kuliko hili. Hili hata kulisimulia naona haya.

Binti yangu Nyanjura anasoma shule ya bweni, Butiama. Likizo moja shangazi yake wa Bunda alimletea samaki wawili wa dhahabu, wale wa mapambo, pamoja na tangi la kioo na pampu ndogo ya hewa. Mmoja alimwita Chenza, kwa rangi yake. Siku ya kurudi shule alinishika mkono akasema, "Mama, nguo mpya sitaki, viatu sitaki. Nikirudi nimkute Chenza yuko hai, basi." Nikamwahidi.

Ngoja nikueleze kidogo, maana huenda na wewe unao nyumbani. Samaki hawa hawana ugumu wa kutisha. Maji ya bomba yana dawa, kwa hiyo yaache kwenye ndoo iliyo wazi tangu leo hadi kesho ndipo uwawekee. Kila wiki toa robo ya maji, ujaze mengine. Usimwage yote, kwa sababu kwenye tangi lililozoeleka, hasa kwenye ile sponji ya chujio, kuna vijidudu vizuri vinavyokula uchafu wao. Sponji yenyewe isuuze kwenye maji uliyotoa, usiisugue kwa sabuni. Chakula ni kile unachoshika kwa ncha za vidole viwili. Wakibakiza, ujue umezidisha. Kama umewahi kulea kifaranga, na hawa unawaweza.

Shida yetu sisi watu wa ziwani ni kwamba tunajiona tunajua samaki. Mume wangu alizaliwa mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanapoegesha mitumbwi, akala sato kabla hajaota meno. Alikuwa akilitazama lile tangi na kunicheka.

"Mama Nyanjura, mnawanywesha dawa ya bomba halafu mnashangaa wamedumaa. Samaki anatakaga ziwa!"

"Hawa hawalijui ziwa, Baba Nyanjura. Wamezaliwa kwenye beseni."

"Mjita ni mtu wa ziwa. Hata azaliwe Dodoma, akiliona ataogelea tu."

Siku moja nilikwenda Iringo kununua mahitaji. Nikarudi nikakuta amebeba dumu la njano kutoka mwaloni, amemwaga maji yote ya zamani na kujaza ya ziwa. Amefanya kwa upendo kabisa, anatabasamu. Ningemlaumu vipi?

Haikupita wiki, samaki wakaota madoa meupe mwilini, kama mtu amewanyunyizia unga wa muhogo. Huo ni ugonjwa, na mara nyingi unaingia na maji au na samaki mgeni. Yule asiye na jina akafa. Chenza akabaki juu juu, anafungua na kufunga mdomo, mapezi yameshikana. Nikaanza tiba: chumvi ya mawe kidogo, na kila siku kupunguza maji na kuongeza mapya yaliyolala.

Basi, nilikuwa barazani, nimetoa ndoo ya maji machafu, hudhurungi, juu yake yanaelea mabaki ya chakula na zile nyuzi ndefu za kinyesi cha samaki. Nikasikia hodi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kitenge kimelowa sehemu ya chini, mtandio ameufunga kubana masikio. Alikuwa na shombo. Lakini Musoma nani hana shombo? Nikadhani anatoka kuanika dagaa.

"Mama, nina kiu," akasema.

Kwetu mgeni akiomba maji hanyimwi. Hata awe ametoka kukutukana, anapewa kwanza, jina anaulizwa baadaye. Nikamletea kikombe. Akakinusa, akakirudisha.

"Haya ni ya bomba. Mimi nilikujaga kwa ajili ya haya." Akaonyesha ile ndoo.

Nikacheka. "Dada yangu, haya samaki wamenyea."

"Najua walichofanya. Yametoka kwetu. Mumeo aliyabeba kwenye dumu la njano."

Jirani angeweza kumwambia hilo, si ndiyo? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikafikiri ni mgonjwa wa akili, nikaona nimpe aguse tu halafu aende zake. Nikamsogezea ndoo kwa mkono wangu.

Akainama akanywa.

Nielewe vizuri: hakuonja. Aliinua ndoo nzima. Koo lake halikucheza hata kidogo, lakini ule mtandio, pale chini ya masikio, ulikuwa unavimba na kunywea, unavimba na kunywea, na maji yakawa yanatoka huko yakiteremka mabegani, safi kama ya mvua. Uchafu wote ulibaki ndani yake. Alipomaliza akapitisha kidole kwenye kuta za ndoo, akakusanya zile nyuzi, akakilamba kidole mpaka kwenye kiganja. Nikashika nguzo ya baraza.

"Bado mengine," akasema, akaingia sebuleni kama mwenye nyumba.

Nilipomfikia, uso wake ulikuwa tayari ndani ya tangi. Chenza, ambaye hata chakula alikuwa hakifuati tena, aliogelea mwenyewe mpaka kwenye ile midomo, na midomo ikafunguka ikamchukua. Mkia tu ndio uliobaki nje, unapepea. Mashavu ya yule mwanamke yakaanza kwenda ndani na nje, kama mtu anayefyonza kokwa la embe. Nilisikia sauti ya kufyonza. Hiyo sauti, ndugu yangu, naisikia mpaka leo mtu akinywa uji.

"Mwache samaki wa mwanangu!" nikapiga kelele. Nilitaka kumvuta mkono. Ukateleza, sikupata pa kushika, kiganja changu kikajaa ute.

Akaniinulia kidole: subiri. Kisha akamtema Chenza majini.

Alikuwa anang'aa. Hakuna doa hata moja. Madoa yote yalikuwa kwenye ulimi wa mgeni. Alinionyesha, akaurudisha ndani, akameza. Akacheua, na ile harufu ikanifikia usoni, ya sangara aliyesahaulika kwenye mfuko juani.

"Asante kwa maji, mama. Umenipa kwa mkono wako, na mimi nimekuachia changu humo tangini."

Akatoka. Jina sikumuuliza, na sidhani kama ningetaka kulijua.

Mume wangu aliporudi alianguka kwenye ngazi. "Nani kamwaga mlenda hapa?" Akagusa, akanusa, akakimbilia nyuma ya nyumba kutapika. Nilipomsimulia hakubisha. Aliuliza kitu kimoja tu: "Alilitaja dumu?" Nikaitikia. Dumu lile alilichoma moto siku hiyohiyo.

Tangu wakati ule mimi samaki sili, na ninaishi Musoma! Mlenda pia nimeuacha. Chenza yuko hai, amenenepa, lakini chakula cha kopo hakitaki. Ukiinama juu ya tangi anapanda, anatoa mdomo nje ya maji, anautafuta wako. Ukimpa kidole, anafyonza.

Nyanjura alirudi likizo akalikumbatia lile tangi kama ndugu. Kabla sijafika, alikuwa ameshaweka midomo juu ya maji.

"Mama, njoo uone! Ananibusu!"

Nikamvuta, nikamsukutua kwa maji ya chumvi huku analalamika. Nikamweleza yote, mwanzo hadi mwisho, taratibu kama ninavyokueleza wewe.

"Mama na wewe! Si ulisema utamtunza? Umemtunza vizuri, sasa unaanza kumwonea wivu." Akacheka, akarudi kwenye tangi.

Kumtupa siwezi, niliahidi. Kwa hiyo kila wiki navaa glavu, natoa robo ya maji, natazama pembeni. Maji yale nayamwaga shimoni mwenyewe, nasimama hapo mpaka ardhi imalize kuyanywa.

Wewe usikate tamaa na samaki wako. Laza maji, pima chakula, mgonjwa mtenge, mpe chumvi na subira, wengi hupona. Ya ziwa yaache ziwani. Na akija mtu kuomba yale machafu, mwambie yameshamwagwa, hata kama anayaona. Bora samaki afe mikononi mwako kuliko apone mdomoni mwa mtu usiyemjua.