Hasi Nyuma ya Ukuta

Salesi alikuwa na hasira za karibu. Bandarini Nuku'alofa, huko visiwa vya Tonga, ukimkanyaga tu mshagombana. Lakini asubuhi ile kakaa barazani, kitabu mapajani, tusi kalibana chini ya ulimi. Hawezi kulitoa. Dada yake Kalolaine yuko chumbani, na Mtonga hatukani dada yake akisikia, wala haingii chumba alichomo. Hata afe.

Na Kalolaine ndiye peke yake pale nyumbani anayejua hesabu.

Mtihani wa chuo cha ubaharia ulikuwa mchana ule ule. Mwaka jana Salesi alianguka, mwakani umri utakuwa umempita. Akikosa leo, ni kubeba magunia mpaka mgongo upinde. Kilichomwangusha ni kuupanga upya mlingano: x na y zikae upande mmoja, namba tupu upande wa pili, sehemu isiwepo, na x isianze na hasi.

Basi mama yao kakaa mlangoni akimenya magimbi, anapeleka maneno huku na huku. Swali kitabuni: y = (2/3)x − 4.

"Dada'ko anasema zidisha zote kwa tatu, hiyo sehemu ife."

Akazidisha, akahamisha: −2x + 3y = −12.

"Mwambie x ina hasi. Imegoma."

"Anasema geuza alama."

Akageuza ya x. Karatasi ikaenda, ikarudi na mkasi, alama ya kosa. Akageuza na ya y: 2x − 3y = −12. Mkasi tena. Barabarani lori la kwenda mjini likapiga honi. Salesi akavurumisha kalamu uani, kuku wakatawanyika, akasema yeye anaenda zake kubeba magunia.

Ukuta wa mbao ukagongwa, ngumi moja nzito. Kalolaine akasema mwenyewe, bila kumpitia mama, kitu asichokifanya.

"Salesi. Watu wakihama nyumba, wanamwacha mtoto mmoja nyuma? Geuza zote. Na huyo wa ng'ambo ya sawasawa."

Salesi akainamisha kichwa. "Ndiyo, dada." Akaifuata kalamu kwenye mavi ya kuku.

Kwenye mtihani likaja lile lile, namba nyingine: −3x + 4y = −8. Akageuza ya x, akataka kuendelea. Mkono ukasita. Akagonga meza kwa ngumi, msimamizi akamkata jicho. Akageuza zote: 3x − 4y = 8.

Jioni majina ya waliofaulu yalisomwa, lake likiwa karibu na mwisho, wakati keshakunja ngumi tayari kwa ugomvi. Alirudi mbio, akazunguka nyuma ya nyumba, akaugonga ukuta wa dada yake. Ubao ukaachia.

"Kafaulu huyo," mama akamwambia Kalolaine. Kisha akamgeukia Salesi. "Na huo ubao utaupigilia kabla hujapanda meli ya mtu."