Rangi Niliyotoka Nayo Matulo

Kilichonitoa Kitale ni mguu wa dada yangu. Ilikuwa Aprili, mwishoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka la vitambaa, na kwa miaka tisa jua nililiona likipita ng'ambo ya barabara tu. Habari ikaja kutoka Matulo: Dada Nekesa ameteleza kisimani, mguu umevunjika, na magugu yanameza mahindi yake. Ni mjane, na shamba lile ndilo chakula cha mwaka mzima. Mimi, ndugu yake wa pekee, sikuwa nimekanyaga kwake tangu tumzike shemeji, miaka mitatu nyuma.

Alfajiri nilitoka Matisi, mtaa wetu pale Kitale, kwa baiskeli. Mke wangu, Rosa, alinipa chupa ya chai, akanitazama miguu.

"Baba Simiyu, hiyo ni miguu ya kukanyaga cherehani. Usiniletee mgonjwa mwingine."

Kiminini nilipita nikiimba. Kamukuywa nilikuwa nimenyamaza. Saa sita mchana, Misikhu, nilikuwa nikiisukuma baiskeli, shati nimevua, nimebaki na fulana, mabega yananichoma kama yamepigwa pasi.

Jioni nikafika Matulo. Dada alikuwa ameketi mlangoni, mguu wenye plasta juu ya kigoda. Hakunisalimia kwanza.

"Umekuja kushona mahindi?"

"Nimekuja kupalilia, dada."

"Ati kupalilia! Haya, jembe liko nyuma ya mlango. Usilishike kama makasi."

Siku ya kwanza alinichunga kutoka uani, akipaza sauti: "Hilo ulilong'oa ni hindi, bwana fundi!" Siku ya tatu pua ilichubuka na mabega yakatoka malengelenge. Dada alinipaka samli huku akicheka mpaka akashika mbavu. "Wafula, unaiva kama chapati, upande mmoja."

Wiki ya pili ngozi ilikauka, ikakaza, ikawa nyeusi ya kung'aa. Nikivua saa, mkononi kulibaki utepe wa rangi ya chai ya maziwa. Mgongo nao ulizoea, nikawa nafika mwisho wa mstari bila kusimama.

Siku ya kumi na saba magugu yaliisha. Dada alijikongoja kwa magongo mpaka shambani, akatazama mahindi kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nimeambia watu sina ndugu," akasema.

Nilikwangua udongo kwenye jembe, ingawa haukuwepo.

"Sasa itabidi niwazungukie mmoja mmoja niwaambie niko naye. Na mguu huu, bana!"

Kesho yake nikarudi Matisi. Rosa alifungua mlango. "Karibu, mgeni. Bwana yangu hayuko, ameenda Matulo." Nilipovua nguo nioge, fulana ilibaki imechorwa mwilini, naye akataka kuita majirani. Dukani, mzee wa Kihindi mwenye duka alinizunguka kama nguo iliyoletwa kurekebishwa. "Fundi, leo wewe ndiyo iko na kiraka."

Rangi haikutoka siku moja. Juni uso ulibambuka vipande vidogo, chini kukawa na ngozi mpya. Julai mstari wa mabegani ulififia, haukujulikana tena ulipoanzia. Mikono ilichelewa, na vifundo vya vidole zaidi. Agosti ikiisha, Rosa alitafuta ule utepe wa saa, akaukosa.

"Ya Matulo yameisha. Umerudi kuwa wetu."

Nilicheka naye, lakini sikufurahi kama nilivyodhani.

Septemba nilienda tena, kuvuna. Dada alikuja kunipokea njiani, akitembea bila magongo. Alinishika mkono, akaugeuza huku na huku.

"Kumbe inatoka."

"Inatoka, dada."

"Basi usikae mpaka iishe yote."

Hilo ndilo nililojifunza katika safari ile, na tangu hapo sijakaa miezi minne bila kwenda Matulo. Siku ile mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mlima Elgon, na mahindi yalikuwa bado shambani, tukaenda kuvuna.