Shimo la Dawa Kwenye Mchanga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya milimani juu ya Kigoma, sikukabidhiwa dawa. Nilikabidhiwa jembe. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinionyesha sanduku la vidonge vya uzazi wa mpango vilivyokwisha muda.

"Binti, hivi tunavizika. Udongo huu una tumbo kubwa."

Hakusema uongo. Udongo wa mfinyanzi hunata. Homoni za vidonge vile hushikamana nao na mboji yake, kisha vijidudu vya ardhini huzimeng'enya polepole. Migomba ya jirani ilistawi vizuri tu, nami nikajiona bingwa.

Baadaye nilihamishiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ufukweni, kinachofikiwa kwa boti. Nilichimba shimo kama lile la mlimani, nikazika dawa zetu kwa miaka. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini jembe lilizama kirahisi hivyo. Hatua chache kutoka shimoni, upande wa mteremko, palikuwa na kisima cha Mama Riziki, jirani yangu, ambaye wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Tulipikiana, tukauguziana watoto.

Siku moja Mfamasia wa Wilaya alikuja kukagua. Alimwaga maji kando ya shimo langu, yakapotea papo hapo.

"Mama, mchanga haushiki kitu," alisema. "Dawa nyingine za kuua bakteria huteremka na mvua mpaka kisimani. Zikiwa kidogo kidogo haziwaui bakteria, zinawazoesha, hata dawa zisiwaweze tena."

Kisima kikafukiwa wiki ileile. Mwaka uliotangulia, Riziki, binti wa jirani yangu, alikuwa amefariki kwa homa iliyokataa kila dawa niliyompa kwa mkono wangu. Niliona ni lazima nimweleze mama yake mimi mwenyewe. Nilimkuta ufukweni akianika dagaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Riziki alikunywa maji yale, dada. Ndiyo yaliyomuua?"

"Sijui," nilimjibu.

Ndio ukweli. Hakuna aliyepima maji alipokuwa hai, na homa ina sababu nyingi. Aliendelea kugeuza dagaa wake, nami nikaondoka nikilia njia nzima.

Sasa nimestaafu, naishi Ujiji. Wanaosomea dawa wakinitembelea nawaambia: vilivyokwisha muda virudisheni wilayani vikateketezwe kwenye tanuri, na msihamishe mazoea ya udongo mmoja kwenda udongo mwingine. Majuto ni mjukuu, nami wangu ninaishi naye nyumba moja.

Mwaka jana Mama Riziki alileta dagaa sokoni, akapita kwangu. Tulikula, tukazungumza habari za mvua. Kisha akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Siku ile nilipokuuliza, ungesema tu hapana, dada," aliniambia. "Mimi ningekuamini."